Mchezaji aliyefungwa plasta yuko tizi au amelala?

"Penati ni bahati nasibu." Hii kauli niliisikia Aprili 2023 Simba walipotolewa na Wydad kule Casablanca kwa penati 4-3, nikaisikia tena Aprili 2024 Yanga walipotolewa na Mamelodi Sundowns kule Pretoria kwa penati 3-2. Watani walibadilishana tu nani anacheka nani ananuna, maelezo yalikuwa yaleyale, bahati haikuwa yetu. Sasa mimi nimewahi kusaidia kufundisha timu ya ndondo misimu kadhaa, timu ndogo tu ya mtaani, na siku moja niliwaambia vijana kila mtu kabla hajalala afumbe macho apige penati tano kichwani, aanzie pale anapotoka katikati ya uwanja. Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Kocha mkuu akanivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa, mwalimu, hayo mambo tuwaachie kamati ya ufundi. Kwa asiyejua soka letu, kamati ya ufundi hapo siyo watu wa mbinu, ni wale wanaotumwa kwa mganga.

Sikumlaumu na mpaka leo simlaumu. Hii kitu ya kuvuta picha kichwani imefika kwetu ikiwa imebebwa na watu wasio wake, imeletwa na mamotivesheni spika, unaambiwa fumba macho, jione umebeba kombe, jione unashuka kwenye gari lako, sema amina, alafu toa elfu kumi ya semina. Kocha aliyezoea kuona vijana wanatapika kwenye mazoezi ya fiziki lazima aone huo ni utapeli, na kwa kweli toleo hilo ni utapeli.

Ila wanamichezo wenyewe hawavuti picha ya kombe, wanavuta picha ya kazi. Hatua ngapi kabla ya mpira, mguu wa kuegemea unakaa wapi, kifundo kimekaza au kimelegea, mpira ukitoka unasikiaje mguuni. Wayne Rooney alisimulia mwaka 2012 kwamba usiku wa kuamkia mechi alikuwa anamuuliza mtunza vifaa kesho tunavaa rangi gani, jezi, bukta, mpaka soksi, maana alitaka ile mechi anayoicheza kitandani ifanane na ya kesho. (Kwetu ukimuuliza mtunza vifaa swali hilo usiku wa mechi, kesho asubuhi timu nzima inajua umetumwa.)

Na Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, huyu kila mtu anamjua kwa zile dhahabu nane za Beijing 2008, lakini fainali moja ndo inanihusu hapa, ya mita 200 butterfly. Aliporuka tu majini miwani ikaanza kuingiza maji, mpaka nusu ya mwisho alikuwa haoni kitu, haoni ukuta, haoni mstari wa chini, akaanza kuhesabu mapigo ya mikono yake mpaka akagusa ukuta, kavua miwani kaangalia ubao, dakika 1:52.03, rekodi ya dunia. Kocha wake Bob Bowman alikuwa amemzoesha tangu mdogo "kucheza mkanda" wa mbio nzima kichwani usiku na asubuhi, na mkanda wenyewe haukuwa wa ushindi tu, ulikuwa na matatizo ndani yake na jinsi ya kuyatoka. Wanaopinga wanasema subiri kwanza, si huyohuyo Bowman alishasimulia kwamba aliwahi kuikanyaga miwani ya Phelps makusudi kwenye mashindano madogo ili aogelee haoni? Kwa hiyo lile jambo alishalifanya kwa mwili, siyo kwa ndoto. Ni hoja nzuri na mimi naikubali yote, ila angalia inakotupeleka, inasema picha ilijengwa juu ya kitu alichokigusa. Hapo sina ugomvi.

Sasa nije kwenye utafiti mmoja ambao umenikaa kichwani kuliko hayo yote, na hauna bingwa wala medali. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walichukua watu wazima wazima kabisa, hawajavunjika popote, wakawafunga plasta mkono kuanzia kiganja kwa wiki 4. Nusu yao wakaachwa hivyohivyo. Nusu nyingine siku 5 kwa wiki wanakaa, hawatikisi kitu, wanavuta picha wanaukaza ule mkono kwa nguvu zote sekunde 5, wanapumzika sekunde 5, wanarudia. Plasta ilipotolewa wale wa kwanza walikuwa wamepoteza nguvu kama asilimia 45. Wale wa picha, asilimia 24.

Hebu kaa na hizo namba kidogo. Plasta ni ileile, wiki ni zilezile, hakuna aliyenyanyua hata kijiko kwa mkono huo, na mmoja katoka na hasara nusu ya mwenzake. Mwanzoni nilidhani ni uongo. Kinachoeleza ni kwamba nguvu siyo nyama peke yake, nguvu ni jinsi ubongo unavyoiita misuli na misuli yote ikaitika kwa pamoja. Mkono ukilala mwezi mzima nyama inapungua, hilo hata bibi yangu anajua, lakini na ubongo nao unasahau kuita, na kule kuita ndo kunaweza kufanyiwa tizi ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Sasa fikiria kijana wa ndondo aliyeumia kifundo. Hana fiziotherapia, hana bima, anaambiwa kaa nyumbani wiki sita utapona, anakaa wiki sita anachezea simu, akirudi mguu umepona ila yeye amesahau kuutumia, anaumia tena wiki ya pili, tunasema kijana ana nuksi. Kuna dawa gani nyingine ya bei ya sifuri ya kumpa huyo kijana? Nauliza kweli, siyo kwa kejeli.

Najua utakachosema maana nimejisemea mwenyewe. Hao hawakuwa majeruhi, walifungwa plasta wakiwa wazima, hawana maumivu wala uvimbe. Ni kifundo cha mkono, siyo goti. Na asilimia 24 bado ni hasara kubwa, mtu akikwambia picha inatosha badala ya mazoezi ya kurudisha mguu mkimbie. Yote sawa. Lakini hata ukiigawa ile tofauti kwa mbili, bado ni kubwa kuliko kitu chochote tunachowapa majeruhi wetu sasa hivi, ambacho ni pole.

Kuna namba nyingine inapendwa zaidi mitandaoni, ya kidole. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole walifundisha watu kusukuma kidole kidogo cha mkono kuelekea pembeni, wiki 4, walioukaza kweli nguvu ilipanda asilimia 30, waliouvutia picha tu ikapanda 22, wasiofanya kitu kama 4. Hiyo ndo wanaipeperusha wauza semina, "ubongo wako ni gym". Wasichokwambia ni kwamba mwaka 1998 watafiti wa Australia walijaribu kitu kama hicho kwenye misuli ya kukunja kiwiko na wale wa picha hawakuwapita wasiofanya kitu. Mimi naona ni rahisi kuelewa, kidole kidogo kusukuma pembeni nani amewahi kufanya, ubongo una mengi ya kujifunza pale, ila kiwiko kila siku kinabeba ndoo ya maji, ubongo umeshakijua. Kwa hiyo usidhani utalala ukiota unanyanyua vyuma uamke na kifua.

Na kwa kujifunza ufundi mpya, haki yao wanaopinga niwape bila kupunguza. Mwaka 1949 mtafiti mmoja anaitwa Twining alipima watu wanaorusha pete ziingie kwenye kijiti, waliorusha kweli kwa wiki tatu wakaboreka asilimia 137, waliorusha kichwani tu 36, waliokaa 4. Miaka imepita, mwaka 1994 Driskell na wenzake wakakusanya tafiti nyingi pamoja wakakuta hivyohivyo, picha inasaidia, mwili unasaidia zaidi, na faida ya picha inafifia wiki zikipita usipoirudia. Hakuna anayebisha. Kocha akiwa na saa moja ya uwanja na mipira ya kutosha, acheze mpira, asiwalaze vijana chini wafumbe macho.

Lakini nani mwenye uwanja na mipira ya kutosha? Sisi tulikuwa na mipira minne, mmoja umepasuka, wachezaji 22, uwanja tunagawana na shule na wafugaji. Kila mtoto anagusa mpira dakika chache anasimama anasubiri zamu. Ule muda wa kusubiri ndo ninaouongelea mimi. Anayelinganisha picha na mazoezi halisi analinganisha vitu ambavyo kwetu havishindani, picha inashindana na kusubiri, na kuumwa, na mvua ya masika, na usiku.

Julius Yego wa Kenya wanamtaja pande zote mbili. Kijana wa Nandi anakuta nchi nzima inakimbia, kocha wa mkuki hakuna, anaingia YouTube anawaangalia mabingwa wa mkuki kina Jan Železný na Andreas Thorkildsen, anarudi uwanjani anajaribu alichokiona, Beijing 2015 anarusha mita 92.72 anakuwa bingwa wa dunia. Wa upande wangu wanasema unaona, picha ilikuwa ndo kocha. Wa upande mwingine wanasema video siyo kufumba macho, na bado alirusha mikuki maelfu, na baadaye alipata mafunzo Finland. Kwangu mimi kati ya kuzima video na kuushika mkuki kuna kitu kinabaki kichwani, na hicho hakikutoka Finland.

Turudi kwenye penati, maana ndo zilizonifanya niandike. Mtafiti Geir Jordet wa Norway alichambua penati za matuta kwenye mashindano makubwa kama Kombe la Dunia na Euro. Mpigaji ambaye akifunga timu inashinda palepale, wanafunga kama 92 kati ya 100. Mpigaji ambaye akikosa timu inatolewa palepale, kama 60 hivi. Umbali ni uleule na kipa ni yuleyule. Bahati nasibu gani hii inayoangalia ubao wa matokeo kabla ya kuamua?

Tukiacha bahati, yule wa pili ana picha tayari kichwani, hakuna aliyemfundisha, anaona mpira unapaa, anaona jukwaa linashika kichwa, anaona simu zinamsubiri vyumbani. Mwaka 1985 kina Woolfolk huko Marekani waliwapa wanafunzi kazi ya kusukuma mpira wa gofu kwenye shimo. Waliovuta picha unaingia waliboreka kama asilimia 30, walioachwa bila picha 10, walioambiwa waone unakosa kidogo tu wakashuka 21. Kwa hiyo yule kocha mkuu wangu aliyekataa mambo ya picha kwenye timu yake alikuwa anajidanganya, timu nzima ilikuwa inafanya, tena kwa bidii, ila picha mbaya na bila mwalimu.

Mimi pia nilikosea, nikiri. Kuwaambia vijana wapige penati wamelala kitandani haikuwa sawa, wataalamu wa Uingereza Holmes na Collins tangu 2001 wanashauri picha ifanane na kazi yenyewe, usimame, uvae njumu, mpira uwe mguuni, na muda uwe uleule, kama penati yako inachukua sekunde nane kichwani nako iwe nane, siyo kuikimbiza. Na kuna watu hawaoni picha kabisa wakifumba macho, ni giza tu, hiyo hali imepewa jina la afantasia mwaka 2015 na inakadiriwa ni kama mtu mmoja kwa kila mia. Sisi tulikuwa na beki mmoja alisema haoni kitu, nikadhani ananitania, nikamwambia aongeze bidii. Kijana wa watu. Ningemwambia asihangaike kuona, asikilizie mguu tu.

Kipa wetu ndo pekee aliyenisikiliza, tena kwa sababu alikuwa ameteguka kifundo na hana la kufanya. Wiki tatu anakuja uwanjani na ndala, anasimama nyuma ya goli, kila krosi ikipigwa anafumba macho nusu anaitoka kichwani. Wenzake walimwita mchawi. Siku aliyorudi golini krosi ya kwanza ilimpita juu ya vidole, jukwaa likapiga kelele, kocha mkuu akaniangalia bila kusema kitu. Ya pili aliitoka mapema, akaidaka kifuani kabla straika hajaruka. Kama ni picha au ni kwamba ile ya kwanza ilimwamsha mimi sijui, nilimuuliza baada ya mechi akaniambia, mwalimu, ile ya pili nilishaidaka sana tu.