Vijana wa Skeitibodi Kisumu na Swali la Uongozi

Jioni moja katikati ya jiji la Kisumu nilisimama kumtazama kijana akijaribu kurukia ukingo wa saruji kwa skeitibodi, ubao mfupi wenye magurudumu. Ukingo wenyewe walikuwa wameupaka nta ya mshumaa ili ubao uteleze. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, kiwiko kikachubuka. Nilihesabu mara 14. Mara ya 15 ubao ulipanda, ukateleza, ukatua naye bado yuko juu yake. Wenzake hawakupiga makofi. Waligonga mbao zao chini, ko, ko, ko, kama wafanyavyo wachezaji wa skeitibodi kwingi duniani. Naye hakukaa kusifiwa. Alimwita mtoto aliyevaa sare ya shule, akampandisha ubaoni, akamwonyesha mguu wa nyuma ukae wapi.

Je, taifa laweza kuongozwa hivyo, bila kiongozi aliyechaguliwa, anayejua akimwonyesha asiyejua? Swali hili limeshika kasi tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani Kisumu, Nakuru na kwingineko kupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya, wakisema hawana kiongozi, kabila wala chama. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuuawa Nairobi, Rais alitangaza kwamba hatautia saini.

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alan Gelfand, kijana wa Florida, alivumbua namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Baadaye mchezaji mwingine, Rodney Mullen, akauhamishia mruko huo kwenye ardhi tambarare. Hakuna shirikisho lililowapa kibali. Aliyeona aliiga, akaongeza lake. Na sisi wa Nyanza hatuhitaji kwenda Marekani kulielewa hilo. Muziki wa benga ulizaliwa vivyo hivyo: wanamuziki Waluo walichukua mdundo wa nyatiti, chombo cha nyuzi 8, wakautia kwenye gitaa, na aliyekuja nyuma akaongeza kasi. Hakuna wizara iliyoagiza. Heshima ilimfuata aliyepiga vizuri mbele ya watu. Viongozi wetu wangapi wangekubali kupimwa hivyo, hadharani, bila msafara wala spika za kukodi?

Hata hivyo, jioni ileile niliona jambo jingine. Mama mmoja mwenye beseni la omena kichwani alifika pale, akakuta njia imejaa mbao na vijana. Akashuka barabarani, bodaboda zikimpita karibu. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakukuwa na mtu wa kumlalamikia. Asiyechaguliwa na mtu hawezi kuondolewa na mtu. Hapo ndipo mfano huu unaponishinda. Kijana akianguka mara 14, kinachochubuka ni kiwiko chake. Serikali ikijifunza kwa kuanguka, anayeumia ni mgonjwa aliyekosa dawa, na huyo hakuomba kupanda ubao.

Jijini London, chini ya jengo la Southbank Centre, pana uwanja ambao wachezaji wa skeitibodi wameutumia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulitangazwa mpango ambao ungewaondoa na kuweka maduka. Waliunda kikundi cha kampeni, wakakusanya saini, wakapinga kupitia taratibu za mipango ya jiji, na mwaka 2014 wakapata makubaliano ya kubaki. Wako waliosikitika kwamba mchezo wa mtaani umeishia kwenye makaratasi. Mimi naona walifanya vyema. Bila makaratasi yale, leo pangekuwa na maduka.

Kwetu mlango uko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la michezo, utamaduni na bustani za umma, na bajeti haipitishwi bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Eneo moja la saruji lenye kingo na mteremko lingempa kijana pa kuangukia na kumrudishia mama njia yake.

Nilimuuliza yule kijana kama amewahi kuhudhuria kikao cha maoni ya bajeti. Alisema hajui hufanyika wapi. Nikamuuliza kama mwakilishi wadi wao amewahi kufika pale kuwatazama. Akatikisa kichwa, akamgeukia yule mtoto, aliyekuwa ameanguka mara ya tatu.