Endo, Komeo la Majogoo

Jumapili moja jioni, Februari 2025, nilikuwa kibanda umiza Liverpool wakicheza na Wolves pale Anfield. Mapumziko ilikuwa 2-0, mabao ya Díaz na Salah, na wengi tulishazihesabu pointi tatu. Kipindi cha pili mambo yakageuka. Wolves wakaushika mpira, Cunha akakunja moja ikazama wavuni, na Majogoo wakawa hawatoki golini kwao. Dakika arobaini na tano zote hawakupiga shuti hata moja. Katikati ya purukushani hiyo ukainuliwa ubao: namba 3 anaingia. Jamaa aliyekaa benchi la mbele yangu, ambaye kwa nusu saa alikuwa akiuma kucha, akashusha pumzi, akaegemea nguzo na kusema, "Haya, komeo limetiwa."

Ikaisha 2-1. Tangu siku hiyo neno lile halijanitoka kichwani, kwa sababu sijasikia mtu mwingine akimweleza huyo namba 3, kiungo mkabaji wa Kijapani Wataru Endo, kwa usahihi namna ile.

Mitaani kwetu mchezaji anapimwa kwa mabao na pasi za mwisho. Kiungo mkabaji akitajwa, basi ni kwa vile kasababisha faulo. Akiwa wa kutokea benchi ndiyo kabisa, anaitwa "wa kujazia kikosi". Mimi hilo nalipinga kwa moyo wangu wote. Kuingia mechi iliyokwisha chemka, miguu yako ikiwa ya baridi, timu yako inatetemeka, na kazi uliyopewa ni kuhakikisha hakuna kinachotokea tena, ni ufundi unaojitegemea. Wapo mastaa wakubwa wasioweza. Endo anaweza, na njia aliyopita ndiyo inayoeleza kwa nini.

Amezaliwa Yokohama mwaka 1993. Alianza kucheza ligi kuu ya Japani na Shonan Bellmare mwaka 2010, bado mwanafunzi wa sekondari. Baadaye akaenda Urawa Reds, wakatwaa ubingwa wa Asia mwaka 2017. Mwaka 2018 akachaguliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, akakaa benchi mechi zote, hakucheza hata dakika moja. Aliporudi akafungasha mizigo kwenda Ubelgiji, umri miaka 25. Kwa hesabu za siku hizi, ambapo mtoto wa miaka 17 akikosa timu Ulaya tunamwona kachelewa, huyo alikuwa mzee tayari.

Timu aliyokwenda ni Sint-Truiden, klabu ndogo iliyonunuliwa mwaka 2017 na kampuni ya Kijapani ya DMM. Hapa nataka Watanzania wenzangu tutulie kidogo. Msimu ule wa 2018/19 Sint-Truiden ilikuwa na Endo, Tomiyasu aliyekuja kuchezea Arsenal, na Kamada, wote watatu kwa pamoja. Katika mkoa huohuo wa Limburg, mji wa jirani tu, alikuwepo Mbwana Samatta wetu akiwa na Genk. Msimu huo Genk wakawa mabingwa, Samatta akachukua Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile, na kwenye kikosi chake nusu ya pili ya msimu alikuwepo Mjapani mwingine, Junya Ito. Kwa hiyo sisi na wao tulikuwa tunapita mlango mmoja, mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wameshajenga ngazi, na Samatta alipanda kwa kucha zake mwenyewe, toka Mbagala kupitia Lubumbashi. Nampenda Samatta kuliko ninavyoweza kueleza, na jambo hili linaniuma kila nikiangalia orodha ya Wajapani waliotokea Sint-Truiden. Turudi kwa Endo.

Mwaka 2019 akaenda Stuttgart, waliokuwa daraja la pili Ujerumani. Wakapanda msimu uleule, na Bundesliga ikakutana na kiungo wa sentimita 178 asiyesogezwa na mtu. Msimu wa 2020/21 aliongoza ligi nzima kwa kushinda mipambano ya ana kwa ana, na uliofuata akarudia. Ligi ya Ujerumani ina majitu kweli kweli, na hao ndio aliokuwa akiwapokonya mpira. Wakampa kitambaa cha unahodha.

Kama hujawahi kuangalia bao lake la Mei 14, 2022, acha unachofanya ukalitafute. Siku ya mwisho ya msimu, Stuttgart nyumbani dhidi ya Köln. Wakishinda, na Hertha Berlin wakipoteza kule Dortmund, wanapona. Vinginevyo wanaingia kwenye mchujo wa kushuka daraja. Kalajdzic alikosa penalti, halafu akafunga. Modeste akasawazisha. Huko Dortmund, Hertha waliotangulia kufunga wakasawazishiwa na Haaland, kisha Moukoko akaweka la pili zikiwa zimebaki dakika chache. Sasa Stuttgart walihitaji bao moja tu, na saa ilikuwa imeshavuka 90.

Kona. Mpira unaingia nguzo ya karibu, Hiroki Ito, Mjapani mwenzake, anauparaza kwa kichwa kwenda nyuma. Kwenye nguzo ya mbali, wakati mabeki wote wamevutwa na ule mpira wa kwanza, Endo anajitupa na kuusukuma ndani kwa kichwa. Dakika ya 92. Filimbi ya mwisho ilipolia uwanja ulifurika watu. Stuttgart na Hertha walimaliza na pointi 33 kila mmoja, tofauti ya mabao ikaamua. Nimelirudia bao lile mara nyingi sana, na kila mara ninachoangalia ni hatua mbili anazopiga kabla mpira haujamfikia Ito. Alishaanza kwenda mahali ambapo hapakuwa na mpira bado. Macho hayo ndiyo yanayomsaidia kukata pasi kwenye mechi nyingine zote, siku ile tu yalitumika kwenye lango la upande wa pili.

Agosti 2023 Liverpool walikuwa hawana kiungo mkabaji mzoefu hata mmoja. Fabinho na Henderson walishakwenda Saudi Arabia, Milner kaondoka, na Caicedo, ambaye dau lake la pauni milioni 111 lilikuwa limekubaliwa na Brighton, akachagua Chelsea. Lavia naye akachagua Chelsea. Ndipo likatokea jina la Endo, miaka 30, takriban pauni milioni 16. Nakumbuka ujumbe uliojaa kwenye magrupu yetu siku ile, na mwingi siwezi kuuandika hapa. Kesho yake tu baada ya kutambulishwa, Mac Allister akala kadi nyekundu dhidi ya Bournemouth, na mtu aliyeingizwa kuziba pengo alikuwa huyohuyo, hajafanya hata mazoezi ya maana na wenzake. Liverpool walishinda 3-1 wakiwa pungufu.

Desemba mwaka uleule, Fulham wakiongoza 3-2 Anfield, akatokea benchi akasawazisha kwa shuti la nje ya boksi, na dakika moja baadaye Trent Alexander-Arnold akafunga la nne, akamaliza kazi. Februari 2024 ikaja fainali ya Carabao, yaani Kombe la Ligi la England, dhidi ya Chelsea. Kikosi kilijaa majeruhi, watoto wa akademi wakawa wanaingia mmoja baada ya mwingine, na Endo alicheza dakika zote 120 katikati yao hadi Van Dijk alipofunga kwa kichwa dakika ya 118. Upande wa pili walikuwepo viungo wa mamilioni yasiyohesabika, Caicedo akiwemo. Endo aliondoka Wembley amevaa kiatu kile kikubwa cha kulinda mguu ulioumia, medali shingoni.

Kisha akaja kocha mpya, Arne Slot, akamtaka kiungo Zubimendi, akamkosa, akamgeuza Gravenberch kuwa namba sita, yaani kiungo mkabaji, na Endo akarudi benchi. Nakiri kwamba zilipovuma habari za Marseille kumhitaji, nilitaka aende. Nahodha wa taifa lake kukaa akisubiri dakika kumi za mwisho niliona ni kumvunjia heshima. Msimu wa 2024/25, Liverpool walipotwaa ubingwa, alicheza mechi 20 za ligi na ni moja tu aliyoianza. Ukisoma namba hizo peke yake unaweza kumwonea huruma.

Ila mechi ya Wolves ilinibadilisha. Nilimwona anaruka kila mpira wa juu uliokuja, anaelekeza wenzake kwa mikono, anamfuata mtu hadi pembeni na kumlazimisha arudishe nyuma. Usoni hakuwa na ile sura ya mtu aliyepewa makombo. Nikakumbuka Qatar, Desemba 2022. Alikwenda Kombe la Dunia lile akitoka kupona mtikisiko wa ubongo alioupata kwenye ligi wiki chache kabla, akawakaba Wajerumani mechi nzima Japani wakashinda 2-1, halafu goti likamsumbua. Mechi ya Hispania hakuweza kuanza. Japani walitangulia kufungwa, wakarudisha mabao mawili kupitia Doan na Tanaka, na kuanzia hapo wakawa wanaishi golini kwao. Mpaka mwisho umiliki wao wa mpira ulikuwa chini ya asilimia 20. Kocha Moriyasu alitazama benchi lake, na dakika ya 87 akamtoa Tanaka, mfungaji wa bao la ushindi, akamwingiza Endo na goti lake. Hispania hawakupata la pili.