Baba Analazimika Kulipia Chuo?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mabishano ni yale yale hapa Tanga, Ngamiani na Makorora: mtoto kafaulu, mama hana kitu, baba uwezo anao ila alikwishaoa kwingine na hataki kutoa hata shilingi. Je, sheria inaweza kumlazimisha?

Kwanza tutazame umri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtwika mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu yake. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 nacho kinaanzia kwa baba, kwa kadiri ya uwezo wake. Sasa piga hesabu. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka 6, akasoma darasa saba na vidato sita bila kukwama, anamaliza akiwa na miaka 19. Barua ya chuo inamkuta ni mtu mzima.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016, ya cha tano na cha sita ikafuata 2022. Basi miaka ambayo sheria inambana baba, ada hakuna, imebaki michango na sare. Inapofika miaka ya ada nzito, sheria imekwishamwachia.

Hata hivyo upo mlango mdogo ambao akina mama wengi hawaujui. Amri ya matunzo, yaani ya mahakama kumtaka mzazi amgharimie mtoto, hukoma mtoto akitimiza miaka 18, lakini Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama iendelee kuitekeleza amri hiyo ikiwa kijana bado yuko masomoni au kwenye mafunzo. Angalia maneno yenyewe: iendelee. Ni lazima amri iwe ilikwishatolewa. Mama aliyevumilia miaka yote kwa kuona haya, akakopa vikoba ili mwanawe asome, anafika mahakamani mtoto akiwa na miaka 20 na hana amri ya kuendeleza. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kidato cha pili aende sasa kwa afisa ustawi wa jamii, asingoje.

Wanaopinga kuwabana wazazi wana hoja, na mimi siipuuzi. Mkata mkonge wa Muheza au Korogwe mwenye watoto watano atalipaje chuo cha mmoja bila kuwanyima wadogo daftari? Halafu, mtu mzima kumburuza babake kortini ni jeraha ambalo hukumu haiponyi. Pia lipo swali la usawa, kwani mtoto ambaye wazazi wake wanaishi pamoja kwa kawaida hana amri yoyote ya matunzo. Huko Marekani swali hilo limewagawa majaji. Mahakama Kuu ya New Jersey mwaka 1982, katika shauri la Newburgh dhidi ya Arrigo, ilikubali kwamba wazazi waliotengana wanaweza kuamriwa kuchangia chuo. Ile ya Pennsylvania mwaka 1995 ikaitupa sheria ya namna hiyo kwa sababu iliwapendelea watoto wa waliotengana.

Nikipima yote, hoja ya mkata mkonge inajibika: sheria inasema kadiri ya uwezo, na asiye na uwezo hakimu hamkamui. Pwani yetu isitoshe haijapata kuamini kwamba malezi yanakoma siku ya kutimiza miaka 18. Kwa Waislamu walio wengi hapa, binti anatunzwa na babake mpaka aolewe.

Lisilojibika ni la Bodi ya Mikopo, ile ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo. Bodi hupima uhitaji wa mwombaji kwa kutazama hali ya wazazi, na anayeonekana kwao wanajiweza hupata pungufu au hukosa kabisa. Yaani serikali inahesabu fedha za baba ambaye sheria ya serikali hiyo hiyo haimlazimishi kuzitoa. Katikati pale ndipo anapoanguka binti wa Chumbageni mwenye baba tajiri asiyepokea simu. Ama baba huyo afuatwe mahakamani hata kama hapakuwa na amri ya awali, ama mali yake isihesabiwe pale binti anapoomba mkopo.