Kiporo Hakiokolewi na Moto wa Asubuhi

Nyumbani kwetu wali uliobaki usiku hautupwi, na mimi sitaki utupwe, kwa kuwa kiporo cha wali na maharage kwa chai ya rangi ndicho kifungua kinywa nilicholelewa nacho. Ninachokipinga ni imani iliyozoeleka jikoni kwamba chakula kilicholala kikipashwa moto hadi kikafuka, hatari yote imekwisha.

Yupo bakteria aitwaye Bacillus cereus, makazi yake ni udongo na vumbi, naye huingia katika mchele tangu ukiwa shambani. Mazingira yakiwa magumu hujihifadhi katika umbo la spora, lenye ganda gumu linaloweza kustahimili maji yanayochemka. Wali unapoiva, vijidudu vingi hufa lakini spora hubaki; kisha wali ukipoa polepole, spora huchipua, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu iitwayo sereulidi. Sumu hiyo ikishatoka, moto wa jikoni hauiwezi: maabara imeonyesha kwamba hustahimili nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90. Mlaji huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baadaye, huku akiapa kwamba alikula wali wa moto, na ni kweli ulikuwa wa moto.

Niliwahi kuamkia kwenye nyumba ya harusi, nikaambiwa nipakue pilau iliyobaki. Sufuria ilikuwa imelala sakafuni, imefunikwa kwa sinia na gunia juu yake. Nilipofunua, matone ya maji yalinidondokea mkononi, na nilipozamisha mwiko hadi katikati, pilau ilikuwa bado vuguvugu, saa kumi na moja alfajiri, ilhali iliepuliwa jioni. Haikunuka wala haikuchacha. "Haina neno, mwanangu, ipashe moto watoto wale," shangazi aliniambia. Niliona haya kumbishia mtu mzima mbele za watu, nikaipasha. Kabla ya adhuhuri watoto watatu walikuwa wakitapika, na ukimya wangu wa alfajiri ile unaniuma hadi leo.

Uvuguvugu ule ndio jambo lenyewe. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Sufuria kubwa iliyofunikwa hutunza joto hilo usiku kucha, na pilau ya nyama humkaribisha pia bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ambaye naye hutengeneza spora na huharisha walaji wengi kwa mkupuo mmoja.

Mabwana afya niliowahi kuwaona kwa mama lishe hukagua aproni, kucha na cheti cha kupimwa afya, mambo ya lazima kabisa, lakini sijamsikia hata mmoja akiuliza wali huu umeepuliwa saa ngapi. Kwa maoni yangu swali hilo lingetangulia yote.

Mwenye friji agawe wali katika vyombo vya kina kifupi na auingize mapema, bila kuusubiri upoe kabisa mezani. Asiye nayo apike kadiri ya walaji. Katika hitima yetu ya mwisho, shangazi yuleyule alisimamia tukatandaza wali uliobaki kwenye masinia manne mara tu watu walipomaliza kula, na majirani wakapelekewa mafungu yao usiku uleule, kabla hawajafunga milango.