Ukili wa zambarau

Kuna makala nimeisoma, inasema kuchora kunawatuliza wagonjwa wa saratani. Naafiki, mradi dawa zisiachwe. Mama yangu mdogo hapa Ujiji, alivyorudi kwenye dripu za saratani, hakutaka kuongea na mtu. Kilichomtoa kitandani ni ukili, ule mkanda wa majani unaosukwa kutengeneza mkeka. Anakaa chini ya mwembe, ziwa analiona kwa mbali, anasuka shubiri mbili kwa siku maana vidole vina ganzi (dawa zile ndivyo zilivyo). Rangi kachagua mwenyewe, zambarau tupu! Na si ukili tu, kuona miti nako kunaweza kusaidia: mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich wa Marekani alionyesha kuwa waliopasuliwa wakalazwa penye dirisha la kuona miti walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta. Sasa wodi aliyolazwa mama mdogo, vioo vya madirisha vilipakwa rangi nyeupe. Ya nini?