Eti tulikula bata Pangani

Saa moja asubuhi mwenye nyumba kanipigia. Salamu hakuna. "Nimeona stetasi. Hongera, naona mmekula bata." Kisha kimya, kile kimya cha mtu anayekudai miezi miwili. Kumbe binti yangu karusha picha 14: mimi na miwani ya jua ya kuazima, mkono kiunoni, nyuma yangu Mto Pangani unameremeta. Ya 15 hakuirusha.

Basi naomba nijieleze, mimi baba mwenye familia na heshima zangu. Sikula bata. Bata ndiye aliyenila.

Likizo ya Desemba mnaijua. Joto la Tanga mnalijua. Mke akasema watoto wa wenzetu wanatolewa, nikakodi Noah: watu 11, hotipoti la pilau, na deli la soda juu ya mapaja yangu kilomita 50 zote. Bei ya Noah siitaji, mke wangu akiisikia ataniuliza ya ada iko wapi.

Pale ufukweni tukampata nahodha, kijana wa kofia na maneno matamu. Maboya manane. Nikamuuliza, mbona sisi 11?

"Bosi, watoto wadogo tunawahesabu nusu."

"Nusu ipi ndiyo inayozama?"

Akacheka, akaenda kuazima mengine matatu, akaniongezea elfu kumi. Mama mkwe akachukua mawili, moja kavaa, moja kakalia. Nani amwambie? Langu mimi likawa la mwanangu wa darasa la pili, limeishia kitovuni.

Tukapanda na mto. Upepo, minazi, mikoko, hapo ndipo zilipopigwa zile picha 14. Halafu boti ikasema krrr, ikatulia. Tumepwelewa.

"Nahodha, hukujua maji yanatoka?"

"Nilijua, bosi."

"Sasa?"

"Nilidhani tutawahi."

Tutawahi! Mtu aliyetuweka juani dakika 40 akisubiri mdogo wake alete petroli kwenye dumu la mafuta ya kula!

"Wanaume tushuke tusukume," akasema. Nikalitazama tope. Nikauliza habari za mamba, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

"Hapa hawapo, bosi. Wapo pale," akaonyesha, kama hatua thelathini.

"Na wao wanajua kwamba hapa hawapo?"

Nikashuka na suruali yangu ya kitambaa. Tope la mikoko likameza kiatu cha kushoto, halikurudisha hata kamba. Tunasukuma, boti haitikisiki, na mama mkwe juu ya boya lake anatuhesabia, "Moja, mbili, tatu, hebu jitahidi baba!" Kwa heshima zote, yeye peke yake angeshuka, boti ingeelea. Maneno hayo niliyameza, ndiyo kitu pekee nilichokula saa hiyo.

Shemeji, mwalimu, naye akaona hapo ndipo mahali pa kipindi. Maji haya yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale. Nikamwambia yamefanya kazi yote hiyo, ya kunisogezea boti tu ndiyo yamechoka? Akahamia kwa Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, wakamnyonga Pangani mwaka 1889. Mama mkwe akamkata: "Mwanangu, habari za kunyongwa tutazisikia nchi kavu."

Bahari ikarudi ilipotaka yenyewe, magharibi, mbu wameshatumaliza. Nahodha akadai hela ya kusubiri. Ya kusubiri! Kamsubiri nani? Nilipiga kelele mpaka miwani ikaanguka majini, na si yangu.

Hata hotipoti si letu, ni la kikoba cha mke wangu. Mfuniko ulielea wakati tunasukuma, nadhani sasa unakaribia Pemba. Leo mwekahazina kapita hapa mara mbili, nami mara mbili nimejifanya nimelala.