Mwavuli wa kuzaliwa nao

Siku ya kwanza kazini hapa Brisbane, Australia, msimamizi alinikabidhi kofia pana, shati la mikono mirefu na chupa ya losheni ya kuzuia jua. Nikacheka. Mimi, mtoto wa Tanga, mweusi tii, nipakwe dawa ya jua? Yeye hakucheka.

Wenzetu hawa jua limewatia adabu. Tangu 1981 wanaimbiwa kwenye televisheni: vaa shati, paka losheni, tia kofia. Shuleni kwa mwanangu, asiye na kofia hachezi uwanjani. Losheni haitozwi kodi ya mauzo, na chupa ya lita nzima unaikuta duka la vyakula, karibu na sabuni.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilizunguka maduka matatu ya dawa kuitafuta. Mawili walinitolea krimu za kung'arisha. Ajabu yetu hiyo: mkorogo upo wa kila bei, nao unachubua ngozi na kuiacha uchi mbele ya jua lilelile. La tatu walikuwa na kitubu kimoja, bei ya kilo kumi za mchele.

Sisemi sote tuanze kujipaka. Melanini, ile rangi inayoitia ngozi weusi, ni mwavuli tuliozaliwa nao, na hofu ya Waaustralia si lazima tuibebe nzima nzima. Bibi yangu alijipaka liwa usoni akaenda zake shamba, wala hakuna aliyemwambia anaiga Wazungu. Ninayemsemea ni golikipa wetu wa utotoni, mwenye ualbino. Midomo ilikuwa ikimpasuka, mabega yakimwota vidonda, nasi tukidhani ndivyo alivyoumbwa. Mwavuli huo yeye hakupewa.

Na si kwamba tumeshindwa kutengeneza. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, inatengenezwa Kilisun, losheni maalumu kwa wenye ualbino, nao hugawiwa bure kliniki. Lakini ikiisha kabla ya kliniki nyingine, mtu anarudi kwenye kile kitubu cha bei ya mchele. Kwangu mimi hii ni dawa kama mseto wa malaria: ikae zahanati, mtu aifuate siku anayoihitaji.

Begi langu lilikuwa na chupa sita. Golikipa wetu alizipokea, akasoma kwanza tarehe ya kuisha, kisha akaniuliza: "Sasa kaka, kofia hukuleta?"